Maji ya kijani Rumonge: Ziwa lipimwe kabla uvumi haujafunga soko

Mfanyabiashara wa dagaa akifika mwaloni Rumonge, hukagua mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Huvunja dagaa wachache kwa vidole kuona kama wamekauka. Huwachota kwa kiganja na kuwapukuta kuona kama wana mchanga. Kisha huwanusa. Akiridhika, bei hupatanwa, magunia hushonwa na mzigo huanza safari ya Bujumbura, Gitega, Uvira au mbali zaidi. Katika ukaguzi huo wote hakuna anayeuliza swali la nne: maji walimovuliwa dagaa hao yalikuwa na hali gani wiki hiyo?

Swali hilo linaonekana kuwa la wataalamu, lakini ni la kibiashara. Siku ambayo mteja wa Bukavu au afisa wa mpakani ataliuliza kwa mara ya kwanza, na mwenye mzigo akakosa jibu, gunia lenye dagaa safi litakuwa na thamani sawa na gunia la dagaa waliooza.

Wenyeji wa pwani ya Burundi, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac, wanajua kwamba ziwa halina rangi moja mwaka mzima. Kuna nyakati maji karibu na ufuko hugeuka kijani, yakawa kama yamemwagiwa rangi ya ukutani. Utando hujikusanya penye maji yaliyotulia, kati ya mitumbwi iliyofungwa na kwenye kona za magati. Jua likiupiga siku mbili tatu, hutoa harufu ya majani yaliyooza. Huo ndio mlipuko wa mwani: vimelea vidogo vya majini, ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho, vimezaliana kwa wingi hadi vikabadilisha rangi ya maji.

Jambo hili si geni katika upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1955 na 1956 mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Jean-Jacques Symoens, aliandika kuhusu milipuko ya aina hiyo katika eneo hilo. Vimelea alivyovitaja ni vya kundi la sainobakteria, ambalo baadhi ya jamii zake zinaweza kutengeneza sumu. Tangu wakati huo imepita miaka karibu 70. Miji imekua, misitu ya milimani imepungua, na ziwa lenyewe limepata joto. Kilichobaki nyuma ni utaratibu wa kupima maji ya ufukweni mara kwa mara na kuwaeleza matokeo watu wanaoishi kwa ziwa hilo.

Utaratibu huo unapaswa kuwekwa sasa, na Rumonge unapaswa kuwa miongoni mwa vituo vya kwanza. Wa kwanza kuudai wawe wafanyabiashara wenyewe, kwa sababu ndio wanaobeba hasara pale uvumi unapochukua nafasi ya vipimo.

Mwani ni chakula, mwani ni hatari

Kabla ya kulaumu mwani, ni vizuri kukumbuka kazi yake. Mwani ni nyasi za ziwa. Wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu hao, na mikeke, ambao Kigoma huitwa migebuka, hula dagaa. Bila mwani hakuna dagaa, na bila dagaa hakuna mwalo wa Rumonge, Kibirizi wala Mpulungu.

Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature uliwashtua watu wa ziwa hili. Watafiti walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto, na maji yenye joto hukaa juu kama mafuta juu ya supu. Hayachanganyiki kwa urahisi na maji baridi ya chini, ambako ndiko iliko mbolea ya asili ya ziwa. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba kushuka huko kungeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Inawezekanaje ziwa likawa na upungufu wa mwani na wakati huohuo likasumbuliwa na wingi wa mwani? Jibu ni kwamba ziwa hili ni kubwa mno kuwa na hali moja. Lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Katikati, maji ni safi na mwani ni haba. Ufukweni, hasa karibu na miji na midomo ya mito, mbolea huletwa kutoka nchi kavu na mwani unaweza kuzidi kiasi. Tatizo la katikati linamkosesha mfanyabiashara mzigo. Tatizo la ufukweni linamkosesha mteja. Anayesema "ziwa ni zima" na anayesema "ziwa limeharibika" wanaweza wote kuwa na haki, kila mmoja mahali pake. Kipimo ndicho kinachoonyesha ni mahali gani na ni lini.

Kwa nini Rumonge

Mji wa Rumonge uko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye ukanda mwembamba wa tambarare kati ya ziwa na milima. Ni mji wa samaki na wa mawese. Mvua ikinyesha milimani, udongo huteremka na mito kama Dama na Murembwe hadi ziwani, ukiwa umebeba mbolea ya mashambani. Maji machafu ya kukamulia mawese, yakiachwa yatiririke, hufuata njia hiyohiyo. Vyoo vya shimo vya mitaa ya chini, sabuni za wafuaji na maji ya kuoshea samaki huongeza sehemu yake. Yote hayo yana fosforasi na naitrojeni, na mwani hauhitaji zaidi ya hayo na jua.

Kupanda kwa maji ya ziwa kumezidisha tatizo. Katika mafuriko ya mwaka 2021 na yale ya 2024, maji yaliingia kwenye nyumba za ufukweni kutoka Gatumba hadi Rumonge. Maji yakishaingia uani, huingia pia chooni na kwenye lundo la taka, na yanaporudi nyuma huondoka na yote yaliyokuwamo.

Kisha kuna upepo. Kuanzia mwezi Mei hadi Septemba, kusi huvuma na kusukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Upepo ukitulia, ziwa hurudi nyuma na mbele polepole, kama maji ndani ya beseni lililobebwa na mtu anayetembea. Katika mwendo huo maji ya chini yenye mbolea hupanda upande wa kaskazini. Baadaye hufuata siku za utulivu na jua kali, Oktoba na Novemba. Huo ndio msimu ambao macho yanatakiwa kuwa wazi. Na kwa kuwa msimu unajulikana, hakuna sababu ya kusubiri maji yageuke kijani ndipo watu waanze kutafuta chupa za sampuli.

Hatari iko wapi

Maji ya kijani si lazima yawe na sumu. Milipuko mingi hupita bila kumdhuru mtu. Lakini baadhi ya sainobakteria hutengeneza sumu, na inayojulikana zaidi ni maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita moja ya maji ya kunywa ya kila siku. Hicho ni kiasi kidogo kisichoweza kuonekana, kunuswa wala kuonjwa.

Mama wa nyumbani wa Rumonge anayechota maji ziwani bomba likikauka anaamini kwamba akiyachemsha amemaliza kazi. Kwa kipindupindu, hilo ni kweli na aendelee kufanya hivyo. Kwa sumu ya mwani, kuchemsha hakusaidii. Joto hupasua chembe za mwani na kuacha sumu ndani ya maji. Dawa ya klorini nayo, ikitiwa kwenye maji yaliyojaa mwani, huweza kufanya vivyo hivyo. Ushauri sahihi siku hizo ni kutochota kabisa mahali penye utando, kutowaacha watoto kuogelea hapo na kutonywesha mifugo. Ushauri huo hauwezi kutolewa na mtu ambaye hajui kwamba mlipuko umeanza.

Kwa upande wa samaki, mwenye biashara ya dagaa ana sababu ya ziada ya kuwa makini. Samaki mkubwa hutumbuliwa, na sumu hukaa zaidi kwenye ini na utumbo kuliko kwenye mnofu. Dagaa huliwa mzima, kichwa na utumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Ghuba ya Nyanza, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ulikuta maikrosistini ndani ya samaki wadogo wanaoliwa wazima. Ghuba hiyo ni ya kina kifupi, imezungukwa na miji na mashamba, na maji yake huwa ya kijani sehemu kubwa ya mwaka. Tanganyika haijafika huko. Hakuna anayepaswa kusoma habari hiyo kama tangazo kwamba dagaa wa Rumonge ana sumu. Somo lake ni kwamba jambo hilo hupimika, na wenzao wa Victoria wamelipima baada ya maji kuharibika. Wa Tanganyika wana nafasi ya kupima mapema.

Hata nchi tajiri hazina kinga dhidi ya mwani, ila zina kinga dhidi ya kutojua. Mwezi Agosti mwaka 2014, mji wa Toledo nchini Marekani, unaotumia maji ya Ziwa Erie, uliwaambia watu karibu nusu milioni wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa, kwa sababu vipimo vilikuta maikrosistini. Ilikuwa aibu na gharama kubwa. Lakini watu waliambiwa asubuhi ileile, kwa takwimu, na walipoambiwa maji yamekuwa salama waliweza kuamini kwa sababu waliokataza ndio waliopima.

Uvumi hauna mpaka

Chukua mfano wa mfanyabiashara mmoja wa kawaida. Amenunua magunia kumi Rumonge, amelipa ushuru wa mwalo na nauli ya gari. Akiwa njiani, picha ya maji ya kijani inaanza kuzunguka kwenye simu. Haina tarehe. Haisemi ni ufuko upi. Huenda imepigwa Rumonge, huenda Kisumu, huenda ni ya miaka mitano iliyopita. Anapofika sokoni, mteja wake wa siku zote anamuuliza, "Mama, dagaa hawa si wa yale maji ya kijani?" Anaweza kuapa, anaweza kumuonjesha dagaa mmoja, lakini hana karatasi. Bei inashuka papo hapo.

Mpakani hali ni mbaya zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewarahisishia wafanyabiashara wadogo kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Cheti hicho kinasema bidhaa imetoka nchi gani. Hakisemi maji ya nchi hiyo yalikuwaje. Afisa wa afya asiye na takwimu hubaki na njia mbili: kuzuia kila gunia lenye jina la Burundi, au kuruhusu kila gunia. Ya kwanza inamuonea mvuvi wa Nyanza-Lac kwa utando ulioonekana Rumonge. Ya pili inamuweka mlaji hatarini. Kwa kuwa na taarifa inayosema "maji ya mwalo fulani yalipimwa tarehe fulani na matokeo ni haya", afisa huyo angezuia kinachostahili na kuacha kingine kipite.

Wafanyabiashara wa ziwa hili tayari wanajua tofauti kati ya zuio lililopangwa na zuio la ghafla. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa. Zuio hilo liliuma. Lakini lilikuwa na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kwa hiyo mwenye akiba aliweka akiba na mwenye mkopo alijua atazungumza nini na aliyemkopesha. Zuio linalotokana na hofu halina tarehe. Linaanza kwa picha ya simu, na hakuna mwenye mamlaka ya kulimaliza.

Vipimo vinavyowezekana

Kupima ziwa kunasikika kama kazi ya meli na mamilioni ya dola. Kwa sehemu kubwa si hivyo. Kazi hiyo ina ngazi tatu, na ya kwanza ni rahisi kuliko bei ya wavu.

Ngazi ya kwanza ni macho ya wavuvi. Mwaka 1865 padri Mwitalia, Angelo Secchi, alianza kupima uwazi wa maji kwa kuteremsha sahani nyeupe kwa kamba na kuandika kina ambacho haionekani tena. Njia hiyo bado hutumika duniani kote. Sahani ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, kamba yenye alama kila nusu mita na daftari vinatosha. Vipe vinavyotoka Rumonge kwa uvuvi wa taa huondoka jioni mwanga ukiwa bado upo. Wavuvi wawili waliofundishwa, kwa kila mwalo, wanaweza kuteremsha sahani mahali palepale mara mbili kwa wiki, kuandika kina, rangi, harufu na upepo, na kupiga picha yenye tarehe. Kina kikipungua ghafla, hiyo ni ishara ya kumwita mtaalamu.

Ngazi ya pili ni setilaiti. Tangu mwaka 2016 Ulaya imerusha setilaiti za Sentinel-3, ambazo hupita juu ya ziwa mara kwa mara na kusoma rangi ya maji kwa vipande vya mita 300. Takwimu zake hutolewa bure. Zinaweza kuonyesha doa la kijani likianzia Uvira na kusogea kusini, au likianzia Rumonge na kuvuka kwenda Fizi. Lakini setilaiti ina mipaka yake. Haioni kupitia mawingu, na Novemba ni mwezi wa mawingu. Karibu kabisa na ufuko huchanganya maji na nchi kavu. Na haiwezi kutofautisha mwani wenye sumu na usio na sumu. Ndiyo maana haiwezi kuachiwa kazi peke yake.

Ngazi ya tatu ni maabara: hadubini ya kutambua aina ya mwani na vipimo vya sumu. Watu wa kazi hiyo wapo kuzunguka ziwa. Burundi ina Chuo Kikuu na ofisi ya kulinda mazingira, OBPE. Kongo ina kituo cha utafiti wa maji cha Uvira. Tanzania ina kituo cha TAFIRI mjini Kigoma. Zambia ina wataalamu wake wa uvuvi Mpulungu. Kinachokosekana ni kuhesabu kwa njia moja, siku zinazolingana, na kuweka matokeo kwenye daftari moja. Mwaka 2023 wanasayansi wa maziwa makuu ya Afrika walichapisha wito wa kufanya ufuatiliaji wa muda mrefu kwa njia zinazofanana katika maziwa hayo. Wito huo haujapitwa na wakati.

Mwenyeji wa kazi hiyo anajulikana pia. Nchi nne za ziwa zilisaini mkataba wa kulisimamia mwaka 2003, na kutokana nao ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao makuu Bujumbura. Mkataba unazitaka nchi hizo kupashana habari. Habari za hali ya maji ni za aina hiyo hasa.

Lakini taarifa ikibaki kwenye ofisi Bujumbura, kwa Kifaransa cha wataalamu, itakuwa imepimwa bure. Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya walikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Hapa ndipo uamuzi huo unapoweza kuonekana mwaloni: ukurasa mmoja kila wiki, kwa Kiswahili na Kirundi, ubandikwe penye mizani ya samaki na usambazwe kwa simu. Uwe na jina la mwalo, tarehe, kina cha sahani na rangi ya tahadhari. Rangi hizo ziwe nyeupe, njano na nyekundu. Kijani kisitumike kumaanisha usalama, kwa sababu mwaloni kijani ndicho kinachoogopwa.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kutangaza hali ya maji ni kujichongea. Mteja akisikia neno "sumu" hatasubiri kusikia "hakuna". Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu matangazo yaanze wakati maji ni safi. Mteja akizoea kuona rangi nyeupe wiki arobaini kwa mwaka, ataielewa njano kama habari na nyekundu kama onyo, na weupe ukirudi atarudi naye. Anayesikia kuhusu maji kwa mara ya kwanza siku ya nyekundu ndiye anayekimbia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sasa kila mwenye simu anaweza kuwa wa kwanza kumuumbua.

Wengine watauliza nani atalipa. Kila gunia linalotoka mwaloni tayari limelipiwa ushuru. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kwa sahani, daftari, mafuta ya kupeleka sampuli na posho ya wapimaji wawili, ngazi ya kwanza itajitegemea. Vipimo vya sumu ni ghali zaidi, na huko serikali na Mamlaka ya Ziwa ndizo zenye wajibu. Lakini vipimo hivyo havihitajiki kila wiki. Vinahitajika pale ngazi ya kwanza na ya pili zinapoonyesha dalili.

Wapo pia watakaokumbusha kwamba Burundi ina takriban asilimia 8 tu ya eneo la ziwa, na kwamba Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutumia mkataba wa ziwa badala ya kusubiri Arusha. Mwani hauombi pasi ya kusafiria. Nchi yenye pwani fupi na miji mingi inaweza kuleta madhara makubwa kuliko eneo lake, na inaweza pia kuongoza kwa mfano.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema kupima hakusafishi maji. Ni kweli kabisa. Sahani nyeupe haiondoi choo kilichofurika wala haipandi miti milimani. Lakini bila kipimo hakuna anayeweza kuonyesha kwamba bonde la mto fulani ndilo linaloleta mbolea, wala kwamba mashine za mawese zilizochimba mabwawa ya kutuliza majitaka zimesaidia. Kwa sasa kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole: mvuvi humlaumu mkulima, mkulima humlaumu mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda humlaumu anayejisaidia ufukweni. Miaka mitatu ya daftari lililojazwa vizuri itapunguza maneno hayo.

Daftari hilo litawafaa wafanyabiashara kwa namna nyingine pia. Mwani ukipungua mno katikati ya ziwa, ni dalili kwamba dagaa huenda wakapungua baadaye. Anayenunua kwa mkopo angependa kujua hilo kabla ya kusaini, si baada ya vipe kurudi vitupu wiki tatu mfululizo.

Mahali pa kuanzia

Mpango mzima haulazimiki kusubiri fedha za wafadhili. Vyama vya wafanyabiashara wa samaki wa Rumonge, Kigoma, Uvira na Mpulungu vinaweza kukubaliana jambo moja: kabla ya Oktoba, kila mwalo mkubwa uwe na sahani, kamba, daftari na watu wawili wanaojua kuvitumia. Vyama hivyo viiandikie Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kwa pamoja, vikiomba fomu moja ya kujaza na ofisi moja ya kupokea. Serikali zinaposikia ombi kutoka kwa wanasayansi, huliweka kwenye faili. Ombi la walipa ushuru wa nchi nne kwa wakati mmoja ni gumu kuweka kwenye faili.

Madiwani na wakuu wa tarafa za pwani nao wanaweza kutoa amri ndogo isiyo na gharama: hakuna ufuko utakaofungwa, wala mzigo utakaozuiwa kwa sababu ya rangi ya maji, bila kutajwa mahali, tarehe na kipimo. Amri hiyo ingemlinda mfanyabiashara dhidi ya afisa mwenye haraka. Ingemlinda mlaji pia, kwa sababu afisa angelazimika kupima ili aweze kuzuia.

Hapo mnunuzi atakayefika mwaloni Rumonge ataendelea kuvunja dagaa kwa vidole, kuwapukuta na kuwanusa, kama ilivyo desturi. Kisha atanyanyua macho kutazama karatasi iliyobandikwa penye mizani, aone maji yalipimwa lini na yalikuwaje. Atakunja nakala, ataitia ndani ya gunia la kwanza na kuendelea na safari.